Bhoke na Jina la Korongo

Mwita alikuja kwangu Nkende, hapa Tarime, asubuhi, kabla sijamaliza kuosha vyombo vya chai, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba. Ingia basi, au umekuja kupima mlango?" Hakucheka, na Mwita ni mtu wa kucheka hata msibani. Ni mzee sasa, ana wajukuu, mvi zake zimenipita mimi niliyembeba mgongoni. Akakaa, akaweka kofia gotini, akasema mama yake amefariki huko ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, alikoolewa mara ya pili, na mazishi ni kesho. Vijana wa marehemu ndio waliompigia simu. Kisha akanitazama usoni. "Nikazike au nisizike? Mimi nimelelewa nikiambiwa aliniacha. Kwamba aliniweka chini kama furushi, akavuka maji, wala hakugeuka. Wewe ulikuwepo, shangazi, na hujawahi kuniambia neno." "Nawe hujawahi kuniuliza," nikamjibu. Ni kweli tupu. Maisha yake yote, mama yake akitajwa mahali, Mwita huinuka akatoka nje, na mtu anayeikimbia habari huwezi kumfukuza nayo njiani. Safari hii alikuwa amekaa. Nikabandika chai upya. Niliyomwambia asubuhi ile ndiyo haya, pamoja na mengine machache ambayo mtu hamwambii mwanamume mzima akiwa anamtazama machoni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, nikikaa kwa shangazi yangu Gorong'a, kule chini ardhi inakoteremkia Mto Mara. Nilifikaje pale ni habari ndefu isiyo na utamu, tuiache. Ninachokikumbuka vizuri ni jiko. Lilikuwa kibanda cha mviringo, kuta za udongo zimekuwa nyeusi kwa moshi, na ukiingia kutoka juani unasimama kwanza mpaka macho yazoee. Kulikuwa na harufu ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa, na ya wimbi linalosagwa, na humo ndani siku zote alikuwemo Bhoke, amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, Mwita amelala mgongoni mwake, kichwa kinakwenda mbele na nyuma kila jiwe linapokwenda. Bhoke alikuwa mke wa Marwa, mtoto wa kwanza wa shangazi. Marwa mwenyewe alikuwa Kericho akichuma chai, tukimwona mara moja kwa mwaka akija na blanketi na maneno mengi. Bhoke hakuwa amefika miaka ishirini. Alikuwa mcheshi, mwenye mwanya, na aliniita "wifi" kwa heshima zote, mimi mtoto nisiyejua hata kusonga ugali usioshika mabonge. "Wifi," alikuwa akisema, "ugali wako huu ni wa kutafuna au wa kujengea?"

Sasa mkwe wake, yaani mume wa shangazi yangu, aliitwa Korongo. Si jina alilozaliwa nalo. Alikwenda vita vya Hitla, akafika Bama, mbali Asia, na huko wenzake walipomwona na kaptula, mtu mrefu miguu mikavu, wakampa jina la ndege. Akarudi nalo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa la babu yake mzaa baba, halikuitwa ovyo, kwa hiyo bonde zima lilimwita Korongo, wazee kwa watoto, na yeye alilipenda. Vita vilimwachia kitu kingine pia. Sikio la kushoto lilikufa kwa mlio wa mzinga, na la kulia lilisikia likipenda. Ungeweza kumwambia "chakula tayari" mara nne asikie kimya, lakini mtu akilitaja lile jina, hata kwa sauti ya kawaida, hata akiwa ng'ambo ya boma, anageuka mwili mzima papo hapo kama askari aliyeitwa mstarini. Watoto tulikuwa tukimchezea hivyo. Tunaita, anageuka, tunajificha, naye anacheka peke yake.

Bhoke hakuweza kucheza mchezo huo. Kwetu mkamwana halitaji jina la mkwe wake, liwe la kuzaliwa, liwe la kupachikwa. Hilo si jambo la kujadili, ni kama kutovua nguo mbele yake. Na kama jina hilo ni la kitu, basi na kitu chenyewe hakitaji. Wake wengine bondeni walikuwa na wepesi wao. Mmoja mkwe wake aliitwa kwa jina la mti usioota kwetu, huyo hakuwa na shida hata siku moja. Lakini Bhoke aliangukia kwenye neno ambalo lilisimama kila mahali. Kiswahili hakina choyo na neno hili: mwenye shingo ndefu ni korongo, mwenye taji ni korongo, mweusi mwenye mdomo mwekundu ni korongo, yule wa kijivu anayevizia samaki watu humwita korongo naye. Na sisi tulikuwa tukikaa juu ya mto. Asubuhi wako kwenye majani ya bondeni, mchana wako mchangani, jioni wanapita juu ya paa. Mkitoka kuteka maji, cha kwanza kuonekana ni wao. Kwa hiyo Bhoke akajitengenezea njia. Aliwaita "wanaosimama majini". Kwa Kikurya akisema hivyo, kwa Kiswahili akisema hivyo, na jina lao la Kikurya nalo akaliruka, kwa sababu shangazi alimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba ndege ni yule yule hata ukimtukana kwa Kijaluo. Hata akiwa na mimi tu jikoni, mlango umefungwa, mkwe yuko mnadani, hakulisema. Nilijaribu kumtega. "Bhoke, yule aliyemeza chura jana anaitwaje?" Anacheka, ananipiga na kitambaa. "Sema wewe wifi, wewe mdomo wako haujaolewa."

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, lakini kwetu jua liliwaka. Mvua ilikuwa inanyesha mbali huko juu, upande wa Kenya, na sisi hatukuiona. Mzee alikuwa anampeleka fahali ng'ambo kwa rafiki yake, nami nikatumwa niende nyuma na fimbo nimswage. Wanaume wengine watatu walikuwa wameshavuka mbele yetu. Bhoke na wanawake watano au sita walikuwa juu kidogo, kwenye mawe, wakifua na kuteka. Tulipofika mtoni nilisogea mbele, nikaingia majini nimeshika ncha ya shuka la mzee. Maji yalinifika mapajani, yenye ubaridi, masafi kiasi cha kuona vidole vyangu. Tulikuwa katikati. Waliokuwa kwenye mawe waliniambia baadaye walichoona: kule juu kwenye kona ya mto, ndege wote waliokuwa mchangani waliinuka kwa mara moja, wakubwa kwa wadogo, bila mtu kuwatupia jiwe. Wanawake wengine waliangalia tu. Bhoke alisimama. Akaita, "Tata! Tata!" Kwetu baba ni tata, na mwanamume yeyote mwenye umri ni tata wa watu, wale watatu waliovuka wakageuka, wakadhani anaita mmoja wao, wakampungia. Mzee hakusikia. Mimi sikusikia, masikio yangu yalijaa maji na kwato. Akaita tena, "Tata Marwa! Rudi!" Huyo baba Marwa akaendelea kuvuta kamba ya fahali. Ndipo akaona povu, na rangi ya maji imekuwa ya udongo, na mti mzima unakuja na mizizi yake juu.

Nililisikia mimi neno hilo. Nalisikia na sasa hivi ninapoandika. Sikujua ni sauti ya nani, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuisikia sauti ile ikilisema. "Korongo!" Ilitoka kifuani kwa mwanamke mwembamba, ikapita juu ya mto wote ikagonga ng'ambo ikarudi. Mzee aligeuka mwili mzima. Alimwona mkamwana wake juu ya jiwe, mkono umenyooka kuelekea juu mtoni, akaachia kamba ya fahali, akanikwapua kwa mkono mmoja kwapani kama kuku, akakimbia. Maji yalitufikia tukiwa tumeshashika majani ya ukingo. Fahali alipiga kelele mara moja. Niliinua kichwa nikaona pembe, kisha sikuona kitu. Mama yangu! Nilikuwa nimekufa, mimi, na huyu mzee. Tuseme ukweli bila kuficha, tulikuwa maiti wawili tunatembea.

Nilitazamia vigelegele. Wale wanawake juu ya mawe walikuwa wamesimama wameshika midomo, na hakuna aliyekuwa anatutazama sisi. Walimtazama Bhoke. Yeye alikuwa amekaa chini, mikono imefunika uso, anarudia, "Nimesema. Mama, nimesema." Mzee alipanda ukingo, maji yanamchuruzika, akapita karibu naye bila kusimama. Mimi nilidhani amekasirika. Leo najua alikuwa hana pa kuweka macho. Amevuliwa nguo mbele ya watu, na aliyemvua ndiye aliyempa uhai, sasa mtu wa namna hiyo aseme nini?

Dawa yake ilijulikana. Mwanamke aliyetaja jina la mkwe mbele za watu hurudi kwao, wazazi wake wakampa mbuzi, akaja naye, wazee wa mila wakamchinja na kuwapaka wote wawili majani ya tumboni mwake, mambo yakaisha, watu wakala nyama. Jambo dogo kabisa. Majuma mawili, na mtu anachekwa kidogo. Ila kwao Bhoke kulikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Haukushuka kesho yake, wala mwezi uliofuata. Masika yale yalikuwa ya kutisha, ndege wale walihama mtoni wakapanda mpaka kwetu, wakawa wanasimama kwenye tope la zizi mchana kutwa, mguu mmoja juu, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza. Na kabla ya mbuzi, Bhoke hakuruhusiwa kupika chakula cha boma, hakuruhusiwa kupita mbele ya mkwe wake, wala mtoto hakula kutoka mkononi mwake, asije akapakwa lile kosa akiwa mdogo. Akahamishiwa kibanda cha kuwekea kuni. Alikuwa na chungu chake, kibuyu chake na jiwe lake dogo. Mwita akawa analala na shangazi. Kila asubuhi nilipomtoa nje alikwenda moja kwa moja kwenye kile kibanda, na kila asubuhi nilimrudisha. Bhoke alikuwa anakaa ndani, nyuma ya mlango, ili mtoto asimwone akalia zaidi. Nilipitisha chumvi kwenye upenyo wa ukuta. Nilimwambia, "Sema kitu, Bhoke. Nichekee ugali wangu." Hakusema. Mwanamke aliyekuwa anazungumza hata na kuni aliogopa mdomo wake mwenyewe, na mpaka mvua zinakwisha sikumbuki kama nilimsikia akisema sentensi nzima.

Mtu mwingine aliyenyamaza ni mzee. Mchana mmoja mvua inanyesha, mimi nimejilaza nyuma ya vihenge na Mwita, nilimsikia yeye na shangazi upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wanakula mihogo na maziwa, nasikia vijiko. Shangazi alisema, "Kula." Akarudia, "Kula, mume wangu, unaisha." Mzee akasema, "Yule msichana anakula nini?" "Anacho chakula. Simnyimi." "Aliniokoa." "Najua alikuokoa! Nani amesema hakukuokoa? Mbuzi akija, mimi ndiye nitakayempokea kwa mikono miwili. Lakini mila si yangu, wala si yako." Kisha mzee akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sikio hili bovu ndilo lililosikia. Hili la kushoto. Tangu siku ile halijanyamaza. Nikiwa shambani naitwa. Nikiwa nakoga naitwa. Nageuka, hakuna mtu, wale ndege tu wananiangalia." Shangazi aliweka kijiko chini. "Ulimwitikia?" akauliza. "Siku ile, uliitikia?" "Niligeuka." "Sikukuuliza kugeuka. Uliitikia?" Nilijua wasemavyo wazee, kwamba wito wa mtoni usioitikiwa humfuata mwenyewe nyumbani, nikamkumbatia Mwita kwa nguvu mpaka akalia.

Alijaribu, mzee yule. Watu hawalisemi hili, mimi nalisema. Aliwaita wazee wa mila, akawapa pombe, akasimama na kuwaambia kwamba kuanzia siku hiyo yeye si Korongo. Jina ni la ndege, amewarudishia, anayetaka kulitaja alitaje, na kwa hiyo hakuna aliyetukanwa na hakuna wa kuleta mbuzi. Walimsikiliza vizuri. Halafu mmoja wao, mzee wa kuheshimika kweli, akacheka taratibu akamwambia, "Jina si koti la jeshi. Ulipewa na watu, huwezi kulivua peke yako." Wakamaliza pombe, wakaenda. Lakini yeye alilivua. Watoto wakimwita hakugeuka tena. Nilijaribu siku moja mwenyewe, nimesimama hatua tatu nyuma yake, nikamwita polepole. Shingo ilikakamaa kama ya mtu anayezuia chafya, lakini hakugeuka. Sikurudia, niliogopa. Akawa anateremka mtoni kila siku, iwe mvua, iwe jua, anakaa juu ya yale mawe anaangalia maji kama yanapungua. Nadhani alikuwa anamngojea mbuzi kuliko Bhoke mwenyewe alivyomngojea. Baridi ikamwingia kifuani. Alikufa maji yanakaribia kushuka, na siku tuliyomzika ndege walikuwa wameshaondoka zizini.

Hapo ndipo shangazi alipobadilika. Namtetea na namlaumu, vyote viwili, maana alinilea na alikuwa mwanamke mwema. Alishika imani kwamba Bhoke alipolitaja lile jina juu ya maji, mto uliitiwa mtu, ukamkosa, ukamfuata nyumbani. "Angenyamaza," alisema siku ya matanga, mbele ya wanawake wote, "angemwacha aondoke na maji, ningelia mara moja. Sasa nimelizwa miezi mitatu." Nilikuwa nimebeba sinia. Nilisema, "Na mimi, shangazi? Mimi nilikuwa naye majini." Hakuna aliyenigeukia. Mtoto hana baraza.

Mto uliposhuka kaka yake Bhoke alikuja kumchukua, ili akalete huyo mbuzi, maana kosa halizikwi pamoja na mkwe. Tuliteremka sote mpaka kivukoni. Bhoke alinyoosha mikono kumchukua Mwita, shangazi akarudi nyuma hatua moja. "Mtoto ni wa ng'ombe zetu za mahari," akasema. "Rudi na mbuzi utamkuta hapa hapa." Bhoke alipiga magoti kwenye matope akamwangalia mwanawe, hakumgusa, akainuka akaingia majini. Hapo, katika kumsimulia Mwita, nilisimama nikaweka kikombe chini. "Umeambiwa hakugeuka?" nikamwambia. "Huyo aliyekuambia alikuwa wapi? Mama yako aligeuka hatua kwa hatua. Alivuka kinyumenyume. Aliteleza, akalowa mpaka kifuani, akaendelea kinyumenyume, mpaka kaka yake alipomshika bega akamgeuza kwa nguvu kama mtu anayegeuza mlango." Mwita aliinama juu ya kikombe. Chai yake ilikuwa imeshapoa na utando juu.

Mbuzi hakuja. Baba yake Bhoke alikuwa na kichwa chake naye. Aliposikia habari alipiga mkono kwenye paja: binti yangu ameokoa watu wawili, nami nitoe mbuzi wa kumwombea radhi? Hao ndio walete fahali! Shangazi alipoletewa maneno hayo alisema na yeye ana miguu ya kukaa, hamfuati mtu. Kiangazi chote hicho Bhoke alikuwa akija ng'ambo, upande wao, anasimama ukingoni na ndoo. Mto ulikuwa mdogo, ungeweza kurusha jiwe likavuka. Hakuita. Mimi nilikuwa namleta Mwita kwa kisingizio cha kuteka maji, ninamsimamisha juu ya jiwe ili aonekane, na mwanamke yule anasimama pale majini, maji yanampita miguuni, hatingishiki, mpaka ndege wanamzoea na kutua karibu yake. Nilimpungia mkono. Hakupunga, nadhani aliogopa hata mkono usije ukasema kitu. Mwaka ulipoisha nilirudishwa kwetu. Marwa alimsikiliza mama yake, akaoa mwingine. Na Bhoke baada ya miaka akaolewa huko huko, karibu na Mugumu.

"Basi ni hivyo," nikamwambia Mwita. "Kuzika au kutozika, amua mwenyewe. Mimi kesho nakwenda, hata kwa mkongojo." Akaigeuzageuza kofia gotini. Kisha akauliza. "Sawa, alilazimishwa. Lakini alipofika huko alipata mume, akapata watoto. Alinihesabu, shangazi? Au nilikuwa kitu kilichompata zamani?" Nikamwambia sijui. Uongo wa kumfariji mtu nilikuwa nao tele, ila kwa Bhoke sikuthubutu.

Tulikwenda kwa gari la kukodi, tukapita Nyamwaga, migomba imesimama na vumbi lake, tukavuka kwenye daraja. Mwita alifumba macho darajani. Msibani tulikaa kwenye viti vya plastiki pembeni kabisa, yeye akakataa kusogea mbele. Watoto wa Bhoke walikuwa wema. Walitusalimia, wakatuletea chai na maandazi, lakini hawakujua watuweke wapi, na mzee mmoja wa ukoo wao nilimsikia akinong'ona, "Yule wa Tarime ahesabiwe na watoto au na wageni?" Mwita naye alisikia. Akashika kofia yake tayari kuondoka. Hapo akaja binti mmoja wa marehemu, mama wa makamo, mwanya ni ule ule, nikashtuka mpaka nikataka kumwita Bhoke. Alikaa karibu yangu, akanishika mkono. "Bibi, wewe ulimjua mama akiwa kijana. Nimekuwa na swali miaka yote. Mama yetu hakuwa akiwataja korongo. Kamwe. Alisema wanaosimama majini. Sisi tulikua tukisema hivyo, nikaenda shuleni nikasema hivyo, darasa zima likanicheka. Nikarudi nalia, nikamuuliza. Akaniambia, 'Ni jina la mkwe wangu, silitaji.' Lakini bibi, babu yetu sisi aliitwa Wambura. Na jina la Wambura yeye alilitaja kila siku! Wazee hapa walimgombeza weee, mpaka wakachoka. Alikuwa anawaambia, 'Mkwe ninaye mmoja.' Hata juzi hospitali, mjukuu anamwonyesha picha kwenye simu, anasema bibi huyu ni nani, akasema ni yule anayesimama majini. Huyo mkwe alikuwa nani?"

Miaka sitini na zaidi! Mwanamke aliyefukuzwa kwa kulitaja jina mara moja, katika nyumba isiyomtaka tena, kwa mkwe aliyeoza kaburini, hakuna wa kumsikia wala wa kumdai, na amelishika jina lile mpaka pumzi ya mwisho. Mwanamke hamwekei heshima hiyo mkwe wa nyumba aliyoiacha. Anaiwekea nyumba ambayo bado ni yake, alimo mwanawe. Sikuhitaji kumweleza Mwita. Ni Mkurya, anajua. Nilipomgeukia alikuwa ameinama, mabega yanakwenda, na yule dada yake asiyemjua, bila kuelewa lolote, amemwekea mkono mgongoni. "Alikuwa babu yangu," Mwita akamwambia. "Aliitwa Korongo. Mama yangu alimwita mara moja."

Mchungaji alipomaliza akatangaza watoto wa marehemu wasogee watupe udongo, kwa kufuata umri. Mtoto wao wa kwanza, Chacha, mwalimu mstaafu, alisogea kaburini akainama, akachota udongo. Dada yake alimfuata akamnong'oneza sikioni, maneno mengi, nikaona uso wake unabadilika. Akasimama na udongo wake mkononi, akatafuta kwa macho mpaka kule kwenye viti vya pembeni. "Kaka," akaita, "mbona unanitanguliza? Mimi ni wa pili." Watu wakafungua njia. Mwita alipita katikati yao amesahau kofia yake kwenye kiti, akafika ukingoni, na Chacha akammiminia udongo kwenye kiganja. Hakuutupa mara moja. Aliangalia chini, akasema kwa Kikurya, kwa sauti kubwa, vile mtu anavyosemesha aliye ng'ambo ya maji, "Mama, ni Mwita. Nimevuka." Ndipo akauachia.